Bosi wa China ananialika tena chakula cha jioni na vijiti vimenishinda, nifanyeje?

Anti shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto wawili niko Dar, nina duka la taa Kariakoo, hizi taa za urembo za sebuleni na za bafuni, na mzigo wangu naufuata mwenyewe China maana nikimtuma mtu naletewa vitu tofauti kabisa na picha. Mwaka jana nilienda na mwenzangu mmoja mzoefu, tukafika Guangzhou, akanipeleka mpaka Guzhen kule Zhongshan ambako viwanda vya taa ndo vimejaa, nikapata kiwanda kimoja chenye bei nzuri na bosi wake ni muungwana kweli, mpaka leo mzigo wake haujawahi kunisumbua.

Shida ilianza jioni. Bosi akasema hatuondoki mpaka tule naye. Tukapelekwa mgahawa mkubwa, meza ya duara, katikati kuna kioo kinachozunguka kimejaa vyakula, tuko kama watu kumi, bosi na mke wake, wafanyakazi wao na binti wa kutafsiri. Mbele yangu kibakuli, kisahani na kikombe vimefungwa pamoja kwenye nailoni kama vimetoka dukani, halafu vijiti vyao vya kulia chakula jozi mbili. Mbili Anti, wakati hata hiyo moja siijui. Nikawaona wenzangu wanatoboa nailoni, wanamimina chai ya moto kwenye vibakuli wanasuuza vyombo wanaimwaga, mi nimeshika kikombe changu sijui ninywe au na mimi nimwage.

Nikajaribu vile vijiti, kipande cha samaki kikadondoka mezani, nikajaribu tena kikaingia kwenye chai ya jirani. Watu wakacheka kidogo, sio kwa ubaya, lakini nilijisikia vibaya sana, nikaweka vijiti chini nikasema nimeshiba. Mke wa bosi hakukubali, akawa anachukua chakula anaweka kwenye bakuli langu, kila nikigeuka limejaa, na mimi sili, kwanza siwezi kushika, pili sijui ni nyama gani, mimi Muislamu na kule nguruwe yupo kila sahani. Nikamuuliza mwenzangu taratibu kama naweza kula kwa mkono akasema usithubutu utatuaibisha. Basi nikakaa hivyo mpaka mwisho, nikarudi hotelini nikala mkate na biskuti.

Kesho yake bosi akamuuliza mwenzangu kama kuna kitu kimeniudhi maana sikula. Hilo ndo limenikaa moyoni mpaka leo.

Sasa Oktoba narudi tena wakati wa yale maonyesho ya biashara ya Guangzhou, na bosi keshaniandikia WeChat kwamba safari hii ananialika yeye na mke wake. Mume wangu anasema niseme nimefunga. Mwenzangu anasema nisiende, nitume salamu tu. Mdogo wangu anasema niweke uma wangu kwenye pochi niende nao lakini naogopa wataona nawadharau vyombo vyao. Nishike lipi Anti?

Mwenye duka la taa, Kariakoo

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kwenda kufuata mzigo wako mwenyewe.

Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma mpaka chini una wasiwasi: nenda. Nenda ule na watu wako. Yule bosi mwenyewe alishakuonyesha kinachomsumbua, kesho yake hakuuliza kwa nini ulidondosha samaki, hilo hata kulitaja hakulitaja, aliuliza kwa nini hukula. Kwa Wachina mwenyeji anayealika watu anaona fahari pale mgeni anapokula, na mke wake alipokuwa anakuwekea chakula kwenye bakuli alikuwa anakupa heshima kubwa, kule mama mwenye nyumba anachagua kipande kizuri anampa mgeni kabla yake. Sasa bakuli linajaa na halipungui, akilala usiku anajiuliza tumemkosea nini huyu mama. Ukikataa mwaliko wa pili ndo utakuwa umemthibitishia kwamba kweli kuna kitu.

Na hili la kusema umefunga silikubali kabisa, samahani kwa baba watoto. Swaumu ni ibada, usiifanye kisingizio cha vijiti, na isitoshe utakaa Guangzhou siku kadhaa, atakualika kesho yake, utafunga tena?

Ila nimesoma barua yako mara mbili nikaona kuna mambo mawili umeyafunga pamoja. Vijiti ni kimoja, nyama ni kingine, na mimi naona kilichokufunga mdomo zaidi ni nyama. Maana mtu anayeogopa vijiti tu angechukua kijiko. Vile vijiko vya kaure vifupi vya supu vilikuwepo pale mezani, mgahawa wowote wa huko mkoa wa Guangdong unavyo, hukukigusa kwa sababu hata ungekuwa nacho usingejua unakula nini. Kwa hiyo tuanze na hilo, maana likitatuliwa hilo lingine ni dogo.

Wachina wengi wasio Waislamu hawajui kwamba kwetu nguruwe sio suala la kuchagua. Wengine wanadhani ukiondoa vipande vya nyama ukabaki na mboga basi yameisha, kumbe mboga zenyewe zimekaangwa na mafuta ya nguruwe au zimenyunyiziwa nyama ya kusaga juu. Na kwenye menyu zao wakiandika nyama tu bila kusema ya mnyama gani, hiyo ni nguruwe, ng'ombe na kondoo ndo wanatajwa kwa majina. Hivyo usisubiri ufike mezani ndo uanze kuuliza sahani moja moja huku kioo kinazunguka. Mwambie mapema, siku kadhaa kabla, na umwambie neno moja tu, qingzhen, yaani chakula halali cha Kiislamu, unalitamka kama chingjen. Linaandikwa hivi 清真, lihifadhi kwenye simu. Hayo maandishi utayakuta kwenye mabango ya migahawa ya Kiislamu China nzima, migahawa ya tambi za Lanzhou ya Waislamu wa Kihui ipo karibu kila mji, na pale Guangzhou mtaa wa Xiaobei ambao naamini umeshaupita maana ndo kijiweni kwa Waafrika, kuna migahawa ya watu wa Xinjiang, jimbo lenye Waislamu wengi, wana mishikaki ya kondoo na pilau la nyama na karoti ambalo mtu wa pwani halimpi shida hata kidogo, na kijiko unaletewa.

Ukimpendekezea mgahawa wa namna hiyo hujamkosea adabu, umemsaidia. Mwenyeji wa Kichina ndo anayeagiza chakula cha meza nzima, na kuagizia mgeni wa nje usiyemjua anakula nini ni kazi, akipata maelekezo anashukuru. Atalipa yeye, hapo usishindane naye sana, onyesha kutaka kulipa mara moja ukikataliwa shukuru.

Pombe ni hivyo hivyo. Watasimama na vikombe vidogo waseme ganbei, yaani kausha kikombe, wewe simama na chai yako, kunywa chai mahali pa pombe ni jambo linalojulikana kule na lina heshima zake. Mkigonganisha vikombe chako kishushe kidogo chini ya cha bosi au cha mtu mzima. Hako kaishara kadogo watakaona wote pale mezani.

Haya, vijiti sasa.

Mtu anayeuza taa Guzhen ameshakula na wageni wa kila nchi. Mkoa wa Guangdong umezoea wafanyabiashara wa nje, hayo maonyesho unayoendea yapo tangu 1957 na yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo usidhani wewe ndo wa kwanza kudondosha samaki mbele yake. Fikiria mgeni wa Kichina amekuja kwako anakula ugali kwa mara ya kwanza, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko, utamcheka kwa upendo utampa kijiko na wala hutamfikiria vibaya. Lakini akiingiza mkono wa kushoto kwenye sinia mnalokula wote hapo utashtuka, si ndio? Na wao wako vilevile. Kushindwa kushika vijiti wanasamehe hapohapo, ila yapo machache ambayo yakifanyika hata na mgeni moyo wao unashtuka, hayo ndo ya kujua.

La kwanza na kubwa ni kuvisimamisha vijiti wima kwenye bakuli la wali. Usifanye kabisa, hata kwa sekunde unatafuta tishu kwenye pochi. Vikisimama vile vinafanana na udi wanaowachomea marehemu, unakuwa kama umeweka msiba mezani. Ukitaka kupumzika vilaze juu ya kale kadude kadogo ka kuwekea vijiti, kama hakapo vilaze kwenye kisahani. La pili, usigonge gonge bakuli na vijiti, ndivyo walivyofanya ombaomba zamani. Usimnyooshee mtu vijiti wakati unaongea, na sisi tunaoongea kwa mikono inabidi tujiangalie hapo. Na usichimbe sahani ya wote unatafuta kipande unachokitaka, chukua cha juu kilicho upande wako.

Zile jozi mbili zilizokutisha zina maana nzuri tu. Moja ni ya kuchotea kutoka sahani ya wote, nyingine ni ya kupeleka mdomoni. Migahawa mingi imeshikilia utaratibu huo zaidi tangu Korona. Rangi zinatofautiana mgahawa na mgahawa kwa hiyo usikariri, mwangalie mke wa bosi anachotea na ipi ufuate. Na ile chai ya kusuuzia vyombo ni kawaida ya watu wa Guangdong, vyombo vinakuja safi vimefungwa lakini wao wanapenda kuvisuuza wenyewe na chai au maji ya moto, wanamwaga kwenye bakuli kubwa ambalo mhudumu analiondoa, baada ya hapo ndo chai ya kunywa inamiminwa. Sasa nakupa kitu kimoja kitakachowafurahisha kuliko hata kushika vijiti: mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu na ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, mara mbili tatu. Hiyo ni asante ya Guangdong. Wanasimulia kwamba Qianlong, mfalme wa China wa zamani, alikuwa anasafiri kwa kujificha, akammiminia mtumishi wake chai, mtumishi hawezi kupiga magoti asije akamfichua, akapiga magoti kwa vidole. Mke wa bosi akiona mgeni kutoka Tanzania anagonga vidole atasahau habari ya mwaka jana yote.

Kuhusu kushika, mpaka Oktoba una muda wa kutosha. Nunua vijiti vya mbao au mianzi, usichukue vya plastiki ngumu vile vinateleza. Kijiti cha chini kilaze kwenye bonde la kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mbele kiegemee kidole cha pete, kikishakaa hapo hakisogei tena, dole gumba linakibana tu. Cha juu kishike kama kalamu, kwa dole gumba, shahada na kidole cha kati. Kinachotembea ni hicho cha juu peke yake. Watu wengi wanakwama kwa sababu wanachezesha vyote viwili kama mkasi, vinapishana chakula kinadondoka. Angalia ncha ziwe sawa, usikaze mkono, na usishike karibu na ncha, shika juu kidogo. Anza na vipande vya chapati, halafu nyama iliyokatwa ndogo, halafu tambi, maharage na karanga mwisho kabisa. Wali wetu usijifunzie, umechambuka punje punje utakata tamaa bure, wali wao unashikana na isitoshe wanainua kabakuli mpaka mdomoni wanausukuma, na wewe inua, China sio tabia mbaya.

Na siku yenyewe ukiona vimekukatalia, mwombe mhudumu raba bendi, lile karatasi lililofungia vijiti likunje kunje liweke katikati ya vichwa vya vijiti, funga na raba, vinakuwa kama koleo. Wengi wanaojifunza wanaanza hivyo.

Uma wa mdogo wako beba. Sioni dharau hapo, dharau ingekuwa kuutoa kwenye pochi kabla hata hujagusa walichokuwekea. Kaa, suuza vyombo nao, jaribu vijiti kwa kipande kimoja viwili, halafu sema huku unatabasamu unaomba kijiko, na uma ukiwepo. Migahawa mingi ya kawaida haina uma, ndo maana wako unasaidia. Kijiko ni shaozi, uma ni chazi, ukisema "you chazi ma" mhudumu ataelewa unauliza kama upo. Kisu ndo usibebe, metro ya Guangzhou mabegi yanapita kwenye mashine, watakichukua.

Na kula kwa mkono? Mwenzako alikutisha kuliko inavyostahili. Wali na mboga kwa mkono hapana, hapo yuko sahihi, maana kule vyakula hivyo haviliwi kwa mkono. Lakini kamba wanamenya kwa mikono, kaa pia, mikate ya mvuke wanashika, na sehemu nyingine wanakugawia glavu za nailoni kabisa. Na kwenye hiyo migahawa ya Waislamu ile nyama ya kondoo ya mapande makubwa yenye mfupa, watu wote meza nzima wanashika kwa mkono, kwa hiyo ukimpeleka bosi huko unaweza kujikuta wewe ndo unakula vizuri kuliko wao.

Samaki mzima akija, upande mmoja ukiisha usimgeuze. Pwani ya kusini mwa China kugeuza samaki kunachukuliwa kama kupindua chombo baharini, wao wanaondoa mfupa wa kati wanaendelea na upande wa chini. Kioo cha katikati kizungushe taratibu, usizungushe wakati mtu anachota. Bakuli lako likijaa usilazimike kulimaliza, acha kidogo, ukilimaliza kabisa mama atalijaza tena.

Kwa wengine wanaosoma hapa mnaoenda kwingine, msibebe haya yote mkadhani Asia nzima ni moja. Korea vijiti ni vya chuma na wali wanakula kwa kijiko, na bakuli linabaki mezani haliinuliwi. Japani bakuli unainua, ila kupokezana chakula vijiti kwa vijiti ni mwiko mkubwa kwa sababu ndivyo wanavyopokezana mifupa ya marehemu baada ya kuchoma maiti. Thailand chakula kingi ni kijiko mkono wa kulia na uma wa kusukumia, vijiti ni vya tambi. Na kwa wanaoenda Ulaya ambao uma wa mkono wa kushoto unawakwaza kidini, kata nyama yako, weka kisu pembezoni mwa sahani, hamishia uma kulia, ule. Wamarekani wengi wanakula hivyo hivyo.

Turudi kwako mama wa taa. Fanya hivi leo, usingoje Oktoba. Yule binti wa kutafsiri kama una WeChat yake mtumie yeye, kama huna mtumie bosi mwenyewe, sentensi fupi fupi ili mashine ya kutafsiri isivuruge: "Asante kwa mwaliko, nitakuja. Mwaka jana nilifurahi, hakuna aliyenikosea. Mimi ni Muislamu, sili nguruwe na sinywi pombe. Naomba tule mgahawa wa qingzhen. Vijiti bado najifunza, nitaomba kijiko." Hiyo sentensi ya pili usiiache, bosi anaisubiri tangu mwaka jana. Mke wake mpelekee kitu kidogo kutoka nyumbani, kahawa ya Kilimanjaro au korosho, mpe kwa mikono miwili, na usishangae akiweka pembeni bila kufungua, kule wanafungua mgeni akishaondoka. Saa ya ukutani au ya mezani usimpelekee hata iwe nzuri vipi, kwao kumpa mtu saa ni kumtakia mwisho. Na huyo mwenzako mpelekee ujumbe huo auone kabla hamjapanda ndege, ajue safari hii unakula.